Lami ya Baba Pale Lac Vert

Harufu ya lami ya moto hunikaba koo hadi leo. Nilikuwa na miaka minane kiangazi kile baba, karani aliyetoka Bukavu na kujenga nyumba kwetu Lac Vert, kwenye ardhi ya volkano, alipoamua kwamba gari lake halitakanyaga tena mawe ya volkano. Mafundi walianza kuchimba njia ya kuteremka kutoka langoni hadi gereji, na siku hiyohiyo Mama Zawadi, jirani yetu mzaliwa wa pale, akaja kumwonya. "Papa, kule chini kuko mazuku. Mujaze mawe, musichimbe." Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama penye shimo, haionekani, na humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Baba alicheka. "Mama, gudroni itafunika yote." Basi wakamwaga kokoto, wakachemsha hiyo gudroni, lami nyeusi, kwenye pipa mpaka moshi ukatutoa machozi, wakaitandaza na kuishindilia. Kwao baba, Bukavu, ardhi ni udongo. Alidhani na yetu ya mawe yenye nyufa huzibika.

Mwaka haukuisha, lami ikapasuka pale chini. Baba akaziba ufa, ukafunguka pembeni. Akaziba tena kwa ubishi uleule. Asubuhi moja isiyo na upepo nilitumwa kumwita Amani, mdogo wangu wa miaka mitatu, aje anywe chai. Nilimwona amelala kifudifudi mbele ya gereji, kuku wawili wamelala kando yake. Nilidhani anacheza. Nilipoanza kuteremka, Mama Zawadi, aliyekuwa akipita langoni na ndoo ya maji, alinidaka gauni, akanisukuma nyuma, akavuta pumzi, akafunga mdomo na kushuka mbio. Alipanda amemwinua Amani juu ya kichwa chake. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Baba alimpokea, akamtikisa akimwita, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa ukimya ule. Kisha Amani akakohoa, akalia. Kuku hawakuamka.

Baba alilijaza shimo lile mawe, gari likarudi kulala nje. Hakuomba radhi, nami nilimkasirikia miaka mingi. Leo nina lami yangu mbele ya nyumba yangu, mtaa wa Majengo, imeinuka kuliko barabara, na nyufa zake naziziba kila kiangazi. Hata hivyo, kila asubuhi nashusha mshumaa uliowashwa karibu na ardhi, nione kama hewa ile itauzima. Amani, mwenye ndevu sasa na aliyenizidi kimo, hunicheka sana. Jumapili iliyopita aliinama hapo kufunga kamba za viatu. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimemshika ukosi wa shati na kumwinua. Safari hii hakucheka. Aliushika mkono wangu, akauweka kifuani pake.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa tangu utotoni, "niko napumua."