Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine: breki za gari la mke wangu nilizitia mafuta. Sisemi yale mafuta ya breki yanayokaa kwenye kikopo chake karibu na injini. Nilitia mafuta ya cherehani. Nilipiga magoti kwenye vumbi la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, nikapenyeza mdomo mrefu wa kichupa kwenye matundu ya rimu, nikabonyeza tone, tone, tone, gurudumu la mbele kushoto, kisha la kulia, bila kupendelea upande. Halafu nikafuta mikono na kurudi ndani, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Nimesoma mpaka sekondari, kule Bukavu. Fizikia nilifanya. Msuguano nilifundishwa na mtihani wake nilipita. Nayasema haya ili msiilaumu shule. Shule ilifanya kazi yake.

Ila nilikuwa na hasira, na wakati ule niliona ni hasira ya haki.

Gari ni la mke wangu. Ni kijigari kizee cheupe chenye mlango mmoja wa bluu, alichokinunua baada ya kuchoka kubeba mizigo yetu kwenye magoti ya abiria wengine. Leseni ni yake na usukani ni wake. Mimi nashona, na nakaa nyumbani, na katika kukaa nyumbani sijaona wa kunishinda. Cherehani yangu iko dirishani; dunia inapita pale mbele nami naisema. Kila Jumamosi mke wangu anapeleka sare na nguo za kwaya nilizoshona kwa wateja wa Area 47, mjini Lilongwe, anapitia mtaa wa Kawale kununua zipu na nyuzi, kisha anarudi. Mara ya mwisho mimi kufika Lilongwe ilikuwa kwa ajili ya harusi, nikaumwa kichwa siku mbili.

Basi Jumanne moja alirudi kutoka Kawale na pedi mpya za breki za mbele. Zile za zamani zilikuwa zimelika mpaka karibu na chuma. Makanika wake ni Mmalawi mpole, anavaa kofia ya sufu hata kwenye joto la Oktoba, na mke wangu humsifu kuliko anavyonisifu mimi. Tangu siku ile gari likaanza kulia. Kila likipunguza mwendo kuingia uani: kiiiii! Kuku walikimbia. Mimi mwenyewe niliwahi kujichoma sindano.

Nilikasirika sana. Mimi nikimkabidhi mteja suruali, suruali hiyo hailii akikaa. Ikilia, ananirudishia, na ni haki yake. Huyu makanika alipokea kazi, akafunga vitu vipya, akaachia gari likapiga kelele mbele ya watu, na bado anaitwa fundi! Nilimsema kutwa nzima. Hakunisikia, yuko Kawale, lakini nilimsema.

Aliyenimaliza kabisa ni jirani wa mlango wa pili. Ni mama aliyetoka Kindu, Kongo kwetu, anakaanga mikate mbele ya nyumba yake, na wateja wake wanasimama pale kusikia maneno yake kama wanavyongojea mikate.

"Fundi!" aliniita siku ile ya kwanza. "Gari yenu inalia sawa mbuzi ya Idi. Batoto bangu banauliza, nyama tutakula lini?"

Watu wakacheka na mikate mdomoni.

"Ni freni mpya, mama," nilimjibu kutoka dirishani, maana kwetu breki ni freni. "Kitu mpya inalia."

"Mi nilizaa batoto sita. Balilia, nikabanyonyesha, bakanyamaza. Na we nyonyesha gari yako."

Nilifunga dirisha, na kwenye joto lile ilinibidi kulifungua tena baada ya dakika tano.

Mke wangu hakujali. "Achana naye, papa," alisema akivua viatu. "Iko mu rodaji. Pedi na diski bado hazijazoeana. Siku hizi za kwanza nitapunguza mwendo polepole, sitafunga freni kwa nguvu, itanyamaza yenyewe. We usiguse kitu. Unanisikia?"

"Mm," nilisema. Nilikuwa napima kola.

Na kwa kuwa nimeshaanza kujivua nguo hadharani, acha niseme na la injini. Kila asubuhi, mke wangu akiwa bado anakunywa chai, mimi nilijipa kazi ya kuliamsha gari. Niliwasha, na injini ikiwa bado baridi nikakanyaga mafuta mpaka chini, vuuum, vuuum, ili majirani wajue nyumba hii ina gari. Mke wangu alinikataza. Alisema oili ikiwa imelala chini inahitaji muda kupanda, na vyuma vikikimbizwa kabla haijafika vinalana. Nilidhani ananionea wivu. Siku nyingine nilifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inachemka, nione kama maji yapo. Yalikuwapo. Yalinifuata mpaka kidevuni, na alama yake ninayo.

Haya, Ijumaa. Mke wangu alikwenda kwa miguu kwenye mazoezi ya kwaya, gari likabaki uani. Jirani alikuwa akikaanga na kunitazama. Hakusema neno, alitoa tu sauti ya mbuzi, mara moja, kwa upole.

Hapo ndipo niliposhika kichupa. Mtu asiyeshona hataelewa. Kwa miaka yote niliyokaa na mashine, kilio kina dawa moja: mashine ikilia, imekosa mafuta, itie mafuta, itanyamaza, itashona sawa na hariri. Sikuona sababu ya chuma cha gari kuwa na tabia nyingine. Nilipomaliza magurudumu mawili ya mbele kichupa kilikuwa tupu, ndiyo maana ya nyuma yalipona. Nikalisukuma gari kidogo mbele, kidogo nyuma. Kimya. Kimya kizuri kabisa. Nilimtazama yule mama kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi asubuhi mke wangu alipakia nguo. Jirani naye alikuwa na safari ya kununua unga wa ngano Lilongwe, kwa hiyo akakaa kiti cha mbele na magunia yake matupu mapajani. Mimi niliketi kwenye mashine, nikavuta kola ya karatasi kwenye msumari, kwa kuwa nilikuwa na mashati ya sare ya kukata. Nakata vielelezo vyangu vya nguo kwenye karatasi yoyote inayoingia nyumbani: kalenda, mfuko wa saruji, barua za shule. Kola hii nilikuwa nimeikata Jumanne ileile, kwenye karatasi ngumu nzuri iliyotoka ndani ya boksi la pedi.

Niliilaza juu ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza nikaitazama. Pembeni, pale kola inapopinda kukutana na shingo, palikuwa na picha. Ilikuwa ni kichupa cha mafuta chenye mdomo mrefu, na juu yake alama nyekundu ya X, ya kukataza. Mkasi wangu ulikuwa umepita katikati yake, nusu imebaki, lakini nusu ile ilitosha. Karatasi ile ilikuwa imening'inia juu ya kichwa changu siku zote, nimeishika mara kumi.

Nje injini ilikuwa inaunguruma. Nilitoka mbio na kola mkononi, nikasimama mbele ya gari.

"Mama, leo usiende."

Mke wangu alitoa kichwa dirishani. "Ju ya nini?"

Ilikuwa niseme. Neno lilikuwa moja tu. Lakini jirani alikuwa pale ananitazama, na wateja wake watatu, na mimi ni fundi, nimesoma fizikia. "Mvua itanyesha," nikasema.

"Mvua ya wapi, hakuna hata wingu moja?" jirani akadakia. "We fundi, unaogopa kujipikia tu."

"Niliota ndoto mbaya."

"Uliota nini?" mke wangu akauliza.

Nilianza kuficha kola nyuma ya mgongo. Mke wangu akashusha macho kwenye mkono wangu. "Hiyo karatasi ni ya nini?"

Njia ya kwenda Lilongwe ina miteremko yake, na kwenye kila mteremko kuna basi dogo linalokugusa nyuma na kabaza anayekata barabara mbele na mtu kwenye kiti cha nyuma cha baisikeli. Nilimwona mke wangu anakanyaga pedali pale. Nilimwona jirani na magunia yake. Wakati huo ilikuwa afadhali dunia nzima inicheke.

"Nilitia mafuta," nikasema.

"Wapi?"

"Mu freni."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Mke wangu akaniambia niondoke mbele ya gari. Akamwomba jirani ashuke. Kisha akalitoa gari polepole, mwendo wa mtu anayetembea, akalielekeza kwenye lundo la matofali mwisho wa uani, akakanyaga. Alinieleza baadaye kwamba pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, ila gari halikusikia. Liliteleza kimya, kimya kile nilichokipenda, mpaka alipovuta breki ya mkono, na hata hivyo lilibusu matofali, taa moja ikapasuka.

Jirani alikunja magunia yake, akarudi kwake, na siku hiyo hakuwasha jiko. Hakunitukana. Alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na sijawahi kuadhibiwa vibaya hivyo.

Mnadhani hasira yangu ilipoa? Iliongezeka. Sasa nilikuwa na msiba wangu wa kutafutia mkosaji. Makanika alikubali kuja Jumatatu na vifaa vyake, nami nikakesha na hotuba. Alipofika nilimsubiri mlangoni. Kichewa changu kinaishia kwenye zikomo, yaani asante, kwa hiyo mke wangu alitafsiri.

"Mwambie hivi: mtu akinunua dawa anaambiwa kunywa mara ngapi. Yeye anafunga breki za kushika roho za watu, hasemi neno!"

Makanika alivua kofia. Alijibu taratibu, mke wangu akatafsiri bila kunitazama: "Anasema pepani, bambo, samahani bwana. Anasema alinieleza mimi, kwa sababu mimi njo naendesha. Na karatasi alinipa."

"Na wewe?"

"Mi nilikuambia usiguse kitu. Ulisema 'mm'. Karatasi niliweka juu ya meza yako ili usome. Uliikata."

Nilitafuta wa kumkasirikia, nikakosa. Nikageukia karatasi: maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, na ya Kiingereza matupu! Neno hilo silifuti hata leo. Kitu kinachoweza kuua mtu kinaandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaibahatisha, na kwa herufi ambazo hata mimi ninayetunga uzi kila siku sizioni.

Makanika alizitoa pedi. Zilikuwa zinang'aa. Nilimwambia asizitupe, nitazifua kwa sabuni ya unga na kuzianika. Hapo mke wangu hakuhitaji kutafsiri, kwa sababu makanika aliona mikono yangu inafua hewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Pedi ikinywa mafuta haiponi, alisema. Ukiiosha juu, ndani imebaki nayo, na siku ikipata moto inayatoa. Alisafisha diski kwa dawa yake na kitambaa safi, kitambaa changu, akafunga pedi nyingine mpya.

Kisha wakaniweka kiti cha nyuma, nijifunze. Walichagua barabara tupu. Mke wangu alipandisha mwendo kidogo, akakanyaga taratibu mpaka gari likapungua karibu kusimama, akaachia kabla halijasimama, akaenda tena. Mara nyingi, bila haraka. Kisha akaendesha bila kugusa breki ili zipoe, na tulipoegesha hakuvuta breki ya mkono mpaka joto liishe. Kwenye mteremko alirudisha gia ya pili, injini ikabeba uzito. Lori moja lilitupita likiwa limezima injini kabisa ili kuokoa mafuta, likishuka kama jiwe na watu juu ya mizigo. Nilifungua dirisha nikamtukana dereva kwa Kiswahili, Kifaransa na Mashi, lugha ya kwetu Bukavu. Mke wangu alinitazama kwenye kioo.

"Sasa we njo wa kutukana?"

Nilifunga dirisha.

Jumamosi iliyofuata walisafiri, yeye na jirani. Kutwa nzima nilishona kola na kuzifumua. Alasiri nikasikia, mbali kidogo, karibu na bomba la maji, kiiii, kilio chembamba cha pedi zilizo bado kwenye rodaji. Mkono wangu ulisimama kwenye gurudumu la mashine.

Gari likaingia uani. Jirani alishuka na unga wake, akauweka chini, akaja moja kwa moja mpaka dirishani kwangu. Aliona kichupa kipya cha mafuta karibu na mkono wangu. Akakichukua, akakitia kwenye kitenge chake, akavunja ukimya wake wa wiki nzima:

"Acha ilie, fundi. Ikilia, njo najua tuko tunafika. Siku utainyamazisha tena, utashona sanda yetu mbili, na we mwenyewe njo utapika chai ya matanga."