Kufokafoka Mbele ya Mjomba

Watoto wangu wakisikia kwamba mama yao aliwahi kuvaa suruali pana ya mitumba, mkanda wa baba kiunoni na kofia imegeuzwa nyuma, hucheka mpaka chai inawapalia. Wacheke tu. Wao muziki wameukuta uko tayari kwenye simu. Sisi tuliutafuta.

Ilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vikiletwa kwa kificho sasa vilipangwa juu ya meza sokoni Morogoro mchana kweupe: sabuni za kunukia, raba, redio za kaseti zenye spika mbili. Karibu na soko palikuwa na kibanda cha kurekodia muziki. Unapeleka kanda tupu, unachagua nyimbo, kesho unarudi kuchukua. Mimi nilichagua za kufokafoka tu, maana rapu ndivyo tulivyoiita wakati huo. Nilikuwa naanika betri juani juu ya bati la choo pale nyumbani Kilakala ili zipate nguvu ya kusukuma wimbo mmoja zaidi. Mama alidhani nimepata kichaa cha betri.

Maneno yenyewe sikuyaelewa. Niliyakariri kwa sauti, kama mtoto anavyokariri sala asiyoijua maana. Kiingereza cha shuleni kilinifundisha kuomba ruhusa ya kwenda nje, wala hakikunisaidia kumwelewa mtu anayefoka kwa kasi ile. Ila nilichokipenda kilikuwa wazi hata bila kuelewa: mtu anasimama mbele za watu, hana gitaa wala tarumbeta, ana mdomo wake tu, na watu wanamsikiliza. Nani asingetaka hilo? Nilikuwa msichana wa mwisho kuulizwa kitu chochote nyumbani kwetu.

Shule yangu ya pili ilikuwa kibanda cha video. Tulikaa kwenye mabenchi, mashuka meusi madirishani, na mbele, pembeni ya televisheni, alisimama mtafsiri. Alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na nina hakika lugha za zile filamu hakuzijua hata moja. Hilo halikumzuia. Mpiganaji wa Kichina akipanda farasi, yeye alisema, "Huyo anawahi Dakawa, kasikia mpunga umeiva!" Jambazi akimpigia simu bosi wake, yeye alimfanya aombe radhi kwa mkwewe. Filamu za mapenzi alizigeuza kuwa kesi za baraza la ukoo. Nimewahi kuziona baadhi ya filamu zile ukubwani, zikiwa na maandishi chini, na nakwambia kweli, za kwetu zilikuwa nzuri zaidi.

Sasa pakatangazwa shindano la kufokafoka kwenye disko la watoto, lile la Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa mjini. Nilipokwenda kwa baba kuomba ruhusa, hakuinua hata macho. "Kamuulize mjomba wako," alisema. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake analo kaka wa mama. Baba kwenye jambo gumu alikuwa hodari sana wa kuikumbuka mila hiyo. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa ruksa, isipokuwa mimi.

Mjomba aliishi mlimani, kijiji cha misheni, kwenye miteremko ya kabichi na njegere. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa na mtu wa redio. Aliitembeza kwapani hata akienda kisimani. Nilipanda Jumamosi asubuhi, nikamkuta uani, redio inaongea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama." Aliniita hivyo kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Umepanda peke yako? Kuna msiba?"

Nikamweleza. Akazima redio, jambo ambalo halikuwa dalili njema, akaniambia niufoke huo wimbo aujue. Nikasimama uani, nikafoka Kiingereza changu cha kukariri, mikono ikikata hewa. Kuku walikimbia. Mkewe alichungulia kutoka jikoni akidhani nimeng'atwa na nyuki.

"Huo ni uhuni," mjomba alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Msichana wa ukoo huu hasimami jukwaani kuwafokea watu. Ukimaliza shule utapanda huku kwa masista, ujifunze cherehani. Hizo kanda utamwachia baba yako."

Nililia. Sioni aibu kusema. Niliyaona maisha yangu yote yakipita chini ya sindano ya cherehani, kimya kabisa.

Hapo ndipo geti la mianzi liliposukumwa, akaingia yule mtafsiri wa kibanda cha video. Sikujua kabisa kwamba ni mtu wa kijiji kile. Alikuwa amepanda kumwona mama yake. Na sikujua kwamba ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Asiyejua utani ni kitu gani, aelewe hivi: mtani anaweza kukuchukulia kiti chako, kulala kitandani mwako, kukucheka msibani kwako mwenyewe, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umepoteza wewe.

Hakusalimia. Alimtazama mjomba juu mpaka chini, akaanza: "Jamani, mwenye nyumba yuko wapi? Naona redio tu, imevaa koti!" Mjomba akatabasamu kwa shida. Yule bwana akaendelea, koti, kwaya, kipara, kila sentensi inadondoka mahali pake, mguu wake ukigonga ardhi. Machozi yalinikauka. Huyu mtu alikuwa anafoka! Anafoka kwa Kiswahili, uani, mbele ya kuku, na kila neno naliona kwa macho. Watu wetu walikuwa wakifanya hivi tangu kale, nami nilikuwa naanika betri ili nisikie kufoka kwa ng'ambo.

Alipopumua, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Mjomba na redio, redio kwapani,
habari zikianza, kimya hadi jikoni,
jogoo akiwika aitwe kikaoni!
Kabichi za mjomba zasifiwa sokoni,
mwenye jembe ni mkewe, jua la utosini,
mjomba yuko wapi? Mjomba yuko kwayani!"

Mtani anaweza kumwambia mjomba lolote, mpwa hawezi. Mpwa akimcheka mjomba, hata kama ni kwa vina, amevunja heshima ya ukoo mzima, na kosa kama hilo linaweza kumkalisha mtu mbele ya wazee. Jikoni mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimcheza. Mjomba alinitazama, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Usimtazame yeye," mtani alisema haraka. "Maneno yangu hayo. Nimeazima mdomo wake tu, wangu umechoka na mlima."

Mjomba akabanwa. Akinikasirikia, amemkasirikia mtani. Aliwasha redio, akaizima tena.

"Basi shindano aende," alisema mwishowe. "Na mimi nitashuka. Nikiona uhuni, nitamshusha jukwaani kwa mkono wangu, na siku hiyo hiyo atapanda huku na cherehani yake."

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Vijana walifoka Kiingereza mmoja baada ya mwingine, mnyororo shingoni, miwani nyeusi, na watu wakashangilia kwa adabu, kama tunavyoshangilia hotuba ya mgeni. Mjomba alikaa mstari wa mbele kwa koti la kanisani, redio mapajani. Watoto walimwachia nafasi pande zote mbili wakidhani ni polisi.

Nikapanda. Nilikuwa nimeongeza beti nyingine juu ya zile, nami nilianza vizuri. Redio kwapani, watu wakacheka. Jogoo kikaoni, wakapiga miluzi. Kisha nikamwona mjomba amekaa wima, uso haucheki, haununi, na neno la kabichi nikalimeza. Uani lilinitoka bila kulifikiria. Hapa lilikuwa kosa la makusudi, mbele ya mji mzima, kwa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Sikuweza. Miluzi ikageuka zomeazomea.

"Msimzomee!" ilisikika sauti ya mtafsiri wetu kutoka nyuma. "Maneno yangu hayo, mimi ndiye mtani, yeye kaazimwa mdomo tu!"

Mjomba akasimama. Nikajua ndiyo basi. Nikaanza kusogea kwenye ngazi ili asinishike mkono mbele ya wenzangu.

Lakini hakuja jukwaani. Aliwageukia watu, akainua mkono kama anavyoinyamazisha kwaya, na ukumbi ukatulia.

"Huyo mtani wangu ni mwongo," alisema. "Maneno ni ya mpwa wangu mwenyewe. Mimi ndiye ninayesemwa, najua." Kisha akanigeukia. "Haya, mama. Tulikuwa kwenye kabichi."