Mbarika wa Yona, Mmung'unye wa Yunus

Harufu ya mafuta ya mbarika haina haraka ya kuondoka. Ukiinusa asubuhi, hadi magharibi bado imekaa puani kama mgeni asiyejua kuaga. Kila likizo ya Desemba bibi yangu alitunywesha wajukuu zake mafuta hayo ili matumbo yasafike, na mimi, kwa kuwa mvivu wa kukimbia, ndiye niliyekamatwa wa kwanza. Kwa hiyo mbarika naujua vizuri, tangu kwenye kijiko hadi chooni. Mmoja ulijiotea wenyewe nyumbani kwetu Msambweni, kwenye mpaka wa uwanja wetu na wa Mama Neema, Mduruma aliyehamia kutoka pande za Samburu ya huku huku Pwani, Mkristo asiyekosa kanisani. Majani yake yaliyopasuka vidole kama viganja yaliangusha kivuli huku na huku. Ukuta haukuwapo. Wenzangu walikwenda kuogelea, walikwenda Gazi kwa mashangazi zao. Safari yangu mimi ilianzia jikoni na kuishia kwenye mbarika ule, nilipokuwa nikicheza na Neema, rafiki wa pekee niliyeweza kumpata bila kutoka nyumbani.

Siku moja joto la kaskazi lilipozidi, Mama Neema alitandika mkeka pale kivulini akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha nyumba mbili, kwamba huo ndio mti Mungu aliomwoteshea nabii Yona alipokaa nje ya mji na hasira zake, jua likimchoma utosi. Bibi alikuwa akipeta mchele. Ungo ukasimama. Yona wa Mama Neema ndiye Nabii Yunus wa bibi, na kila mtoto wa chuo cha Kurani alijua kwamba Yunus, alipotemwa ufukweni na yule samaki, alioteshewa mmung'unye. Na bibi alikuwa na mmung'unye wake, umetambaa juu ya paa la jiko kama bendera.

Wanawake wale hawakutukanana uso kwa uso. Walikuwa na adabu zao, kwa hiyo walisema na mifugo.

"Wewe kuku, toka hapo!" bibi alimfokea tetea wake. "Watu wanampa Nabii mti wa kuharisha, alayhi salaam, na wewe unakwenda kujilaza chini yake!"

Mama Neema naye alikuwa na mbuzi. "Kunywa maji, mwanangu, achana na kelele. Wenzetu kivuli cha nabii wanakitia nazi wanakula na wali."

"Kuku, hivi Biblia yao si inasema mtango? Mimi nimeuliza nikaambiwa. Huo mbarika wameutoa wapi?"

Iliendelea hivyo siku nenda siku rudi. Neema alipomwamkia bibi shikamoo, marahaba ilielekezwa kwenye ukuta wa jiko. Sahani za futari na za Krismasi zilizokuwa zikivuka mpaka zikaacha kuvuka. Kisha bibi akamtangazia kuku kwamba karibu ataukata mti ule, na siku utakapoanguka, ua utasimama pale pale. Hapo ndipo mimi na Neema tulipoogopa kweli. Mimi nilimwomba Mungu Mama Neema ashindwe, bibi afurahi, atuachie mti. Neema aliniambia kwamba yeye anaomba bibi yangu ndiye ashindwe. Tukakubaliana tungoje tuone nani atasikilizwa.

Akasikilizwa Neema. Jumapili moja kanisani kwao alikuja mgeni, kijana anayesomea uchungaji, akawaeleza kwamba katika Kiebrania mmea wa Yona unaitwa kikayoni, na wataalamu wengi wanaona kwamba ni mbarika. Mama Neema alirudi hata viatu hakuvua. Akaenda moja kwa moja kwa mbuzi.

"Kikayoni! Umesikia? Kiebrania chenyewe hicho, si cha kuokota!"

Bibi akamruka kuku wake, akaingia ndani. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alikwenda kuchukua panga. Mti wa mbarika ni laini, ndani una uwazi. Ulilala chini kabla mbuzi hajamaliza kutafuna.

Mama Neema akamjia, na kwa mara ya kwanza akasema naye mwenyewe. "Wewe mama una moyo gani?"

"Moyo wangu umo ndani ya uwanja wangu. Wako kaufungie kwako."

Mabati yakapigwa misumari. Mimi na Neema tulisimama kwenye jua kali, kila mtu upande wake, tukitazama upenyo ukizibwa.

"Ungemzuia bibi yako," alisema.

"Na wewe ungemzuia mamako asishinde."

Leo mabati yamekuwa ukuta wa mawe. Bibi hayupo, Mama Neema hayupo. Mimi nipo pale pale. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, lakini simu haimwulizi mtu cheti. Juzi nilishinda kitandani nikilifukuzia neno lile la kikayoni. Kumbe katika Biblia ya Kiebrania halipatikani popote ila kwenye kisa hicho cha Yona. Wapo wanaolihusisha na neno la Kimisri la kale la mafuta ya mbarika. Wafasiri wa Kigiriki waliandika mmea wa jamii ya maboga, na mfasiri mmoja wa Kilatini alipoweka mmea mwingine kabisa, waumini walizozana kanisani. Nikacheka peke yangu. Nikaona habari hii si ya kumnyima Neema, aliyerudi kuishi katika nyumba ya mamake, na ambaye salamu zangu naye kwa miaka mingi hazijavuka "salama?" na "salama."

Nikaenda hadi langoni kwake. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, uso ukaanza kulegea, nikamwona yule msichana wa kivulini.

"Kwa hiyo mama alikuwa sahihi," akasema.

"Ndiyo" moja tu ingetosha. Ilikuwa imeshafika ulimini.

"Wengine," nikasema, "wanashikilia kuwa ni mmung'unye."

Lango likafungwa. Zamani tuligombanishwa na wakubwa. Sasa wakubwa ni sisi.