Kura ya Lepeka

Mwaka ule Olohega, kisiwa kidogo cha bahari ya Pasifiki, kilikuwa na watu wazima kumi na mmoja tu, wakiwemo wagombea wawili. Asubuhi ya uchaguzi wote walikaa mkekani katika banda la mikutano, na harufu ya nazi zinazokaushwa juani ikawalegeza, hata Lepeka akajiona kama anaelea. Miaka thelathini alikuwa ameishi hivyo, akisuka mikeka na kumsikiliza mumewe, Kalolo, akizungumza. Kwa maneno, mtu yule angelishawishi hata jiwe.

Sasa Kalolo alitaka kuwa mjumbe wa kisiwa katika baraza la kutunga sheria huko Pago Pago, mji mkuu ulio mbali baharini. Mjumbe wa Olohega huruhusiwa kusema, kura hana. Tena meli ikishamchukua, kurudi ni majaliwa, pengine mwaka mzima.

"Aende tu," alisema Mataio, mgawa samaki, mtoto wa kaka yake Lepeka. "Kusema bila kura amezoea. Nyumbani kwake kura zote ni za shangazi."

Watu wakacheka, Kalolo akiwa wa kwanza.

Mikono ikahesabiwa: mitano kwa Kalolo, mitano kwa mgombea mwenzake. Lepeka hakuwa amenyanyua wake.

Hakutaka aende. Nisizunguke, alimpenda mumewe kuliko baraza lolote. Upepo ukapita juu ya paa, na miaka yake ikapita nao polepole: Kalolo kijana, juu ya mnazi, akiimba, Kalolo akichimba kaburi la binti yao, mwaka ambao meli ya dawa haikuja kwa kuwa hapakuwa na mtu huko barazani wa kuidai.

"Mke wangu, usinitazame mimi," Kalolo alimwambia kwa sauti ya chini. "Fanya unachotaka wewe."

"Ninachotaka mimi ni ukae," alisema Lepeka, na mkono wake ukapanda, wa sita kwa Kalolo.

Meli iliyokuwa ikimngoja mshindi iliondoka adhuhuri, na Kalolo ndani yake. Alasiri samaki walimwagwa ufukweni wagawanywe kama ilivyo desturi, kila nyumba kwa idadi ya watu wake. Mataio alikuwa akigawa miaka yote bila kumuuliza mtu. Alipofika kwenye kikapu cha Lepeka akasita.

"Shangazi, nyumbani kwenu mko wangapi?"

Lepeka alikisogeza kikapu chake karibu naye.

"Mmoja," alisema.