Koti la Mishono ya Nje

Miaka sita ya kwanza niliyokaa Texas nilikuwa napunguza suruali za watu. Kiduka kilikuwa Garland, mji jirani na Dallas, ubavuni mwa dobi, na mimi nilikaa dirishani na cherehani zangu mbili. Ushonaji nilijifunza Morogoro, kwa mama yangu mdogo aliyeshona sare za shule na magauni ya harusi, kwa hiyo kazi haikunishinda. Ilinichosha tu. Ilikuwa jinzi baada ya jinzi, na kila ilipokaribia sherehe ya kumaliza shule, wasichana waliotaka magauni yabanwe kiunoni leo hii hii.

Siku moja mama mmoja wa Kimarekani, mrefu, mwenye mvi, alileta sketi ya sufu iliyotoboka. Nilichomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, nikalifuma tundu lile mpaka likajifunga. Alipoifuata aliitafuta ile alama, akavaa miwani, akaitafuta tena, asiione. Ndipo akaniambia kwamba yeye ni msimamizi wa mavazi katika jumba moja la makumbusho mjini Dallas. Walikuwa wanapokea maonyesho ya mitindo na vyombo vya kisasa kutoka Ulaya, na wasaidizi wake wawili walikuwa wameacha kazi. Je, ningeweza kuja kwa wiki tatu? Nilikubali kabla sijauliza ni kazi gani.

Nilimwomba pia nije na mwenzangu. Huyu alikuwa dada wa Kikongo kutoka Bukavu, amenizidi miaka kumi, tuliyefahamiana kanisani. Aliishi mtaa wa Vickery Meadow na alifunga maboksi kwenye ghala moja huko Mesquite. Kwao alifundishwa kushona na masista, kwa Kifaransa, na alikuwa fundi kuliko mimi. Tangu afike Dallas hakuna aliyemuuliza habari za sindano. Siku ya kwanza alikuja kwa treni amevaa nguo zake za Jumapili na viatu vya kisigino, nami niliyekuja na raba nikajiona mshamba.

Sitadanganya kwamba nilivipenda vitu vyote vilivyotoka kwenye makreti, yale masanduku makubwa ya mbao yaliyosafirishwa kutoka Ulaya. Kulikuwa na kiti cha waya ambacho mtu angekikalia mara moja na kujuta. Kulikuwa na taa iliyotengenezwa kwa vipande vya sahani, na gauni la karatasi ambalo dada alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mwenye nalo anaishi kwenye nchi isiyo na mvua. Lakini kulikuwa pia na fulana nyeusi iliyokatwa kwa kitambaa kimoja bila mshono wa bega, na nilipoielewa ilivyokatwa moyo ulinienda mbio. Mtu fulani, mbali huko, alikuwa amekaa na mkasi na kuwaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza kwa maisha yangu yote ya kushona. Nilirudi kuitazama kila mapumziko ya chakula.

Nguo kuu ya maonyesho ilikuwa koti jeupe la sufu, refu mpaka vifundoni. Ilikuwa imepangwa isimame peke yake katikati ya chumba cha kwanza. Msimamizi alilivalisha sanamu mwenyewe, na halikukaa. Mabega yalikunjamana, kola ikasimama kama imekasirika, mkono wa kushoto ukajipinda. Alibadilisha sanamu mara mbili. Akajaza pamba kifuani. Picha iliyokuja nalo ilikuwa fotokopi nyeusi tii, na karatasi ya maelekezo, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, ilisema tu kwamba mishono iwe mahali pake. Siku ya tatu mkurugenzi alikuja, akalitazama, akasema labda liondolewe. Nilimwona msimamizi shingo imekuwa nyekundu.

Mkurugenzi alipotoka nilivaa glavu nikainua pindo. Fundi huficha mafundo ya uzi upande usioonekana; kila anayeshona anajua hivyo. Kwenye koti lile mafundo yalikuwa nje, madogo madogo, pamoja na mabaki ya chaki. Ndani, ambako macho yasingefika, kila mshono ulikuwa umevishwa utepe wa hariri kwa mkono, sindano kwa sindano. Nilimwita dada aje aone. Alikwenda mezani kwenye faili, akapekua mpaka akapata karatasi ya Kifaransa yenyewe, akaisoma kwa kidole, kisha akacheka kwa sauti ya chini.

“Hapa wameandika *endroit*,” aliniambia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. “Aliyetafsiri alifikiri ni mahali. Kwa kushona, mudogo yangu, *endroit* haiko mahali. Ni upande wa inje, upande batu banaona.”

Koti lilikuwa limevalishwa ndani nje. Mishono ilitakiwa ionekane. Ndiyo iliyokuwa pambo lake.

Nilimweleza msimamizi kwa Kiingereza changu cha dukani, huku dada akimwonyesha mafundo. Alisikiliza, akayagusa, akasema anatuamini lakini hawezi kuligeuza bila ruhusa ya karakana lilikotoka. Kesho yake asubuhi alipiga simu Ulaya mbele yetu. Nadhani hakuelewana vizuri na aliyepokea, kwa maana ghafla alimpa dada mkonga wa simu. Sikuwahi kumsikia dada akisema Kifaransa. Mgongo ulinyooka, sauti ikawa ya mwalimu. Alieleza, akasikiliza, akaeleza tena. Alipokata alimgeukia msimamizi, na kwa Kiingereza kile kile alichokitumia ghalani akasema:

“Wanasema tugeuze. Wanauliza nani ameona.”

“Umewaambia nini?” msimamizi akauliza.

“Nimewaambia sisi wawili.”

Tuligeuza koti sisi watatu, polepole kama tunamvua mtoto aliyelala. Mabega yalishuka yenyewe. Kola ikalala. Ule utepe wa hariri, ukiwa sasa nje, chini ya taa, ulishuka mgongoni kama mito kwenye ramani, na pamba yote aliyoijaza kifuani tukaitoa, haikuhitajika hata kidogo. Msimamizi alikaa sakafuni akatazama. Dada naye akaanza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wiki tatu ziliisha na hatukuambiwa kwaheri. Dada aliacha ghala mwezi uliofuata, akaajiriwa pale pale makumbusho. Mimi niligawa wiki yangu, siku tatu Garland na siku mbili Dallas. Maonyesho yalipohamia Houston, msimamizi alitutuma sisi wawili tutangulie. Tuliendesha gari kwa zamu. Mlangoni tulikuta wanaume wanne wa makumbusho yale wamesimama kando ya makreti, na mmoja akatuuliza kama tunawafahamu wataalamu wa mavazi wanaotoka Dallas. Dada alimwambia tunawafahamu sana, ni sisi, naye kijana yule akatuletea viti na maji.

Siku ya ufunguzi pale Houston alikuja mama mzee, mfupi, nywele zimekatwa kama za mwanamume. Ndiye aliyelibuni koti. Alilizunguka mara mbili, akainama kulitazama pindo, kisha akauliza ni akina nani waliolivalisha. Msimamizi, aliyekuwa ametufuata, akatuonyesha. Yule mama alitushika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, akasema maneno marefu ya Kifaransa. Nilimwomba dada anitafsirie.

“Anasema koti yake ilishaenda miji mingi,” dada alisema, machozi yakimlengalenga. “Anasema hapa ndiyo mara ya kwanza ameikuta imevalishwa sawasawa.”

Tulipiga picha watatu, yule mama, dada na mimi. Nimesimama katikati, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile, mishono yote iko nje.