Fundi Saa Aliyelifunga Bunge

Mume wangu Orrin Haskett alikuwa fundi saa, na hilo ndilo lililotuponza. Mwaka 1909 watu wa wilaya yetu ya Nebraska walimtuma kwenye bunge la jimbo kwa jambo moja tu: daraja. Theluji ikiyeyuka, Mto Plum unafurika, na daktari, kanisa, hata makaburi, vyote viko ng'ambo. Dada yangu Tressa alifia uzazini huku daktari kasimama ukingo wa pili na mkoba wake. Orrin aliniapia daraja litajengwa.

Alihangaika siku hamsini na tisa, simnyimi haki yake. Siku ya mwisho nikapanda treni kwenda Lincoln, kwenye jengo la bunge. Kisheria bunge lilipaswa kufungwa saa sita mchana, lakini mama mfagizi alinicheka nilipomwambia saa ya ukutani imegoma.

"Haijagoma, bibi. Wameisimamisha wenyewe, kila mara hufanya hivyo. Sita haifiki mpaka wamalize kazi."

Basi mfagizi alijua, mimi nikajua. Mswada wetu wa daraja ulikuwa wa tatu kutoka mwisho, bado haujafikiwa.

Orrin akaingia mbio kutoka nje, alikokuwa akimbembeleza mbunge mmoja. Akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mfukoni. Akavuta ngazi. Mungu wangu!

"Orrin, shuka!" nilipiga kelele kutoka roshani ya watazamaji.

"Subiri kidogo, Della! Imesimama tu, naitengeneza!"

Akaisogeza mishale. Saa ikagonga mara kumi na mbili, sita kamili, bunge zima likisikia. Spika akashusha nyundo.

"Haya, fundi," akasema, "umetufungia bunge."

Ndani ya treni hakunyamaza. "Lakini ilikuwa nyuma dakika arobaini, Della."

"Orrin, nyamaza kabla sijakurusha dirishani."

Watu wakambandika jina, Mheshimiwa Sita Kamili. Hakuchaguliwa tena. Wanawake hatukuwa na kura wakati ule; ningekuwa nayo, ningemnyima.

Alikufa Machi iliyopita, mto umefurika, daraja hakuna. Jeneza likakaa sebuleni siku nne, tukingoja maji yapungue tumvushe makaburini. Asubuhi ya kwanza nikasikia tiki-tiki kifuani pake. Saa yake! Inakwenda sawasawa, kama kawaida yake. Nilimkasirikia upya. Nikaitoa, nikaisimamisha.

"Saa nyingine husimamishwa makusudi, mjinga wangu," nikamwambia. Kisha nikamrudishia mfukoni, nikalia.