Milioni Moja na Moja

Nilianguka kutoka juu ya trela la mahindi kule Rongai, nikavunjika mguu. Baba alinileta hospitali Nakuru nikiwa nimelazwa juu ya magunia, na nikafungwa plasta kutoka kwenye kidole hadi juu ya goti. Nilikuwa msichana mkubwa, shule nimeshaiacha.

Kwenye kitanda cha pili alilala mwalimu wa shule ya misheni, mama wa makamo, akingojea kupasuliwa tumbo. Alichoka kunisikia nikilia.

"Binti, kugawanya unajua?"

"Najua, mwalimu."

"Basi chukua milioni moja na moja. Nitafutie namba ya kuigawa, isiyo moja wala yenyewe, isibaki kitu. Mimi nilijaribu nikashindwa. Jibu silijui."

Alinipa penseli. Karatasi hatukuwa nayo, nikaandika kwenye plasta. Mbili haikufaa, wala tatu, wala tano. Hizo nilizijua kwa kutazama tu. Nne, sita na nyingine zinazogawanyika kwa hizo niliziruka. Saba ilibakisha mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena! Nikadhani namba hii inanicheka. Kumi na saba ikabakisha kumi.

"Wacha hiyo kitu, utajichosha," sista wa wodi aliniambia alipoona mguu umejaa tarakimu.

Sikuacha. Maumivu yalipozidi, niligawanya kwa nguvu zaidi. Nilipofika tisini na saba, ikabaki ishirini na nane, nikafuta kwa mate nikarudia. Ishirini na nane.

Asubuhi waliyompeleka mwalimu kupasuliwa, nilikataa uji. Niliogopa atakufa kabla sijampa jibu. Nikajaribu mia moja na moja. Nilishusha tarakimu moja moja, na mwisho haikubaki kitu. Nilihesabu upya. Elfu tisa mia tisa na moja, kamili.

Alirudishwa akiwa amelala fofofo. Nilikesha nikimtazama mpaka kesho yake alipoomba maji.

"Mwalimu, ni mia moja na moja! Inaingia mara elfu tisa mia tisa na moja."

Alifumba macho akizidisha kichwani. Kisha akacheka, akashika tumbo kwa uchungu. "Umeweza! Na hiyo elfu tisa mia tisa na moja, nayo inagawanyika?"

Nilichukua penseli, nikaanza na saba, kisha nikasita. Kama saba ingeigawa hiyo, si ingeigawa na ile kubwa pia?

"Endelea," alisema taratibu.

"Basi zote zilizoshindwa kule, na huku zimeshindwa."

"Na mia mara mia ni elfu kumi, imeshaipita hiyo. Kwa hivyo kama ingegawanyika, lazima moja ya namba za kuigawa ingekuwa chini ya mia. Hizo umezimaliza zote, binti. Haigawanyiki."

Siku chache baadaye baba alikuja na mahindi ya kuchemsha. Kabla hajakaa, nilimwambia nataka kurudi shule. Alitazama mguu wangu, akatazama maandishi.

"Na umri huu, utakaa na watoto?"

"Nitakaa nao."

Plasta ilipokatwa, nilienda shuleni nikichechemea.